Mwanga Unaona Nini Chaneli ya Ioni Inapofunguka?

Pengine umewahi kuziona video za seli za ubongo zikiwaka na kuzimika, kijani juu ya weusi, pamoja na maelezo kwamba hizo ni chaneli za ioni, yaani matundu ya protini yanayopitisha chembe zenye chaji kwenye utando wa seli, zikifanya kazi. Picha ni za kweli, lakini maelezo hayo yanapotosha. Mwanga wa kawaida wa hadubini hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi, ilhali tundu la chaneli ya potasiamu, pale palipobana kabisa, lina upana wa takriban nanomita 0.3. Hapo hakuna lenzi itakayokuonyesha lango likifunguka.

Kinachowaka ni kitu kingine, kilichowekwa karibu na chaneli ili kitupe habari zake. Ndicho kihisi. Na vihisi havitoi habari za aina moja: kipo kinachopima ioni zilizokwisha kupita, kipo kinachopima volteji ya utando, na kipo kinachojua kwamba sehemu fulani ya protini yenyewe imesogea. Asiyejua anatazama kipi kati ya hivyo ataisoma picha vibaya, hata iwe nzuri namna gani. Nataka tuvipitie kimoja kimoja, kwa sababu tofauti hizo ndizo zinazoamua ni swali gani mwanga unaweza kulijibu.

Umeme ulitangulia

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zenye unene wa nanomita nne au tano kwa pamoja. Ioni hubeba chaji, na chenye chaji hakipiti kwenye mafuta kwa urahisi. Sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kloridi husubiri nje au ndani mpaka zipate protini iliyotoboka katikati, nayo ndiyo chaneli. Protini hiyo ina lango, tena inachagua. Chaneli ya potasiamu inaweza kupitisha karibu ioni milioni 100 kwa sekunde huku ikiizuia sodiamu, ingawa ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Jinsi inavyoweza kufanya hivyo ilieleweka Roderick MacKinnon na wenzake walipochapisha umbo la chaneli ya bakteria mwaka 1998, wakitumia eksirei na si mwanga wa kawaida. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Kabla ya hapo karibu kila tulichojua kilitoka kwa elektrodi, yaani kifaa cha kupimia umeme wa seli. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha hesabu zao kuhusu uzi mnene wa neva wa ngisi, ambao ni mpana kiasi cha kupitishwa waya ndani, wakaonyesha kwamba ishara ya neva ni sodiamu kuingia na potasiamu kutoka kwa zamu. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann waliibana ncha ya kipipa cha kioo, yaani mrija mwembamba sana, juu ya seli ya msuli wa chura na kupima mkondo wa chaneli moja moja. Mstari wa rekodi ulipanda ghafla, ukakaa, ukashuka ghafla: lango limefunguliwa, lango limefungwa. Urefu wa ngazi hizo ulikuwa pikoampia chache tu. Pikoampia moja ni sehemu moja ya ampia iliyogawanywa mara trilioni, na bado ni sawa na ioni zaidi ya milioni sita zenye chaji moja zikipita kila sekunde.

Mbinu hiyo, iliyoleta Nobel ya mwaka 1991, haijapitwa mpaka leo kwa usahihi wa muda. Inafuata mabadiliko ndani ya mikrosekunde. Kasoro yake ni kwamba inajua mahali pamoja tu, pale ncha ilipobana. Ni sawa na kutega sikio kwenye mlango mmoja wakati jengo zima linaongea. Seli ina maelfu ya chaneli, zimekusanyika huku na kuwa chache kule, na elektrodi haiwezi kukuambia zimepangwaje wala zipi zinafunguka pamoja. Hilo ndilo pengo ambalo mwanga uliitwa kuliziba.

Kwa nini karibu kila picha ni ya kalsiamu

Ukitafuta tafiti za aina hii utagundua kwamba kalsiamu inatajwa kuliko ioni nyingine zote. Sababu ni hesabu. Ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu iliyo huru ni nanomola 100 hivi. Nje ni kati ya milimola moja na mbili. Tofauti hiyo ni ya mara 10,000 au zaidi. Chaneli ya kalsiamu ikifunguka kwa milisekunde moja tu, kiasi cha kalsiamu karibu na mdomo wake wa ndani hupanda kutoka nanomola 100 hadi makumi ya mikromola. Ongezeko la mara mia kadhaa ni ishara kubwa mno kwa kihisi chochote.

Sasa linganisha na potasiamu. Ndani ya seli tayari ipo takriban milimola 140, na ioni chache zinazotoka wakati wa ishara moja ya neva hazionekani kabisa ndani ya wingi huo. Sodiamu nayo huanzia milimola kumi hivi, kwa hiyo ishara moja huibadilisha kidogo sana. Kalsiamu inaonekana kwa sababu seli hutumia nguvu nyingi kuifukuza, hivyo chochote kinachoingia kinaonekana kama doa jeusi kwenye nguo nyeupe.

Aliyeigeuza hesabu hii kuwa chombo ni Roger Tsien, na kazi yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1980 alitengeneza BAPTA, molekuli inayoishika kalsiamu kwa nguvu na kuiacha magnesiamu, ambayo ni nyingi zaidi ndani ya seli na ingeharibu kipimo. Baadaye aliiunganisha na sehemu zinazong'aa, yaani zinazopokea mwanga wa rangi moja na kuurudisha kwa rangi nyingine. Tatizo likawa kuiingiza ndani. Molekuli hizo zina chaji, na utando hauzipitishi, kwa sababu ileile inayozizuia ioni. Dawa yake Tsien aliipata mwaka 1981: akazifunika zile chaji kwa vikundi vya esta. Ikiwa imefunikwa hivyo, molekuli hupita kwenye mafuta bila shida. Ikishafika ndani, vimeng'enya vya seli huzikata esta, chaji hurudi, na molekuli hubaki ndani, haiwezi kutoka tena. Seli yenyewe ndiyo inayofunga mtego. Huna haja ya sindano wala kipipa. Unamwaga rangi, yaani hiyo molekuli inayong'aa, kwenye chombo cha kuoteshea seli na kusubiri. Kwa maoni yangu hila hiyo ya esta ilieneza elimu hii kuliko hadubini yoyote ya gharama kubwa.

Mwaka 1985 ikaja fura-2, rangi nyingine ya kupimia kalsiamu. Ukiimulika kwa miale ya urujuanimno ya nanomita 340, mng'ao wake huongezeka kadiri kalsiamu inavyopanda. Ukiimulika kwa nanomita 380, mng'ao hupungua. Mtafiti hubadilisha miale hiyo miwili kwa haraka na kugawanya jibu la kwanza kwa la pili. Uwiano unaopatikana hautegemei unene wa seli wala wingi wa rangi iliyoingia, na hivyo unaweza kugeuzwa kuwa kiasi halisi cha kalsiamu. Hilo ni jambo ambalo vihisi vingi vya kisasa, pamoja na kung'aa kwao kote, haviliwezi.

Vihisi hivyo vya kisasa hujengwa na seli yenyewe kutokana na jeni. Msingi wao ni protini ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitoa kwenye konyeza aitwaye Aequorea victoria na kuielezea mwaka 1962. Mwaka 2001 Junichi Nakai na wenzake nchini Japani walitangaza GCaMP. Walichukua protini ya kijani iliyokatwa na kuunganishwa upya ili ncha zake ziwe karibu na kiini kinachong'aa. Upande mmoja wakaweka kalmodulini, ambayo hushika ioni nne za kalsiamu, na upande mwingine kipande kifupi cha protini kinachoitwa M13. Kalsiamu ikija, kalmodulini hujikunja na kukikumbatia M13. Mkunjo huo huziba mwanya uliokuwa ukiruhusu maji kukifikia kiini, na protini ambayo ilikuwa hafifu hung'aa. Jeni hiyo ikiwekwa kwenye mnyama, unaweza kuchagua ni aina gani ya seli itakayoitengeneza.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. GCaMP ikiwaka inakuambia kwamba kalsiamu imeongezeka mahali ilipo. Haikuambii imetoka wapi. Inaweza kuwa imeingia kwa chaneli ya utando, na inaweza vilevile kuwa imefunguliwa kutoka ghala la ndani ya seli. Tena, ishara ya neva huchukua milisekunde moja au mbili, wakati mng'ao wa vihisi vingi vya familia hiyo huchukua makumi hadi mamia ya milisekunde kupanda na kushuka. Ishara tano za haraka huonekana kama kilima kimoja. Anayehesabu seli zilizoamka hatapata shida. Anayetaka kujua lango lilifunguka saa ngapi anapimiwa na saa iliyochelewa.

Hata hivyo kuna njia moja ambapo kalsiamu imefikishwa hadi kwenye chaneli moja moja. Angelo Demuro na Ian Parker wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walimulika mayai ya chura yaliyokuwa yamewekewa chaneli za kigeni, lakini walipitisha leza kwa pembe ambayo mwanga hugonga mpaka wa kioo na maji na kurudi wote. Upande wa pili hubaki tabaka jembamba la mwanga, lenye kina cha nanomita 100 hadi 200 tu. Rangi iliyo ndani zaidi ya seli haimulikwi, kwa hiyo haichafui picha. Kila chaneli ilipofunguka, kiwingu kidogo cha kalsiamu kilionekana juu ya mdomo wake kama nukta, na nukta ikatoweka lango lilipofungwa. Kamera iliweza kufuatilia mamia ya chaneli kwa wakati mmoja, kila moja na rekodi yake ya kupanda na kushuka, ikifanana na zile ngazi za Neher na Sakmann. Elektrodi ingehitaji kubana mara mamia kupata hayo. Bado kilichoonekana ni kalsiamu, si chaneli, ila safari hii umbali kati ya hivyo viwili ulikuwa mdogo sana.

Volteji: ishara ya haraka yenye mwanga mchache

Chaneli za sodiamu na potasiamu haziachi kiwingu cha kutosha kuonekana hivyo, lakini zinabadilisha volteji. Volteji kati ya ndani na nje ya seli ya neva iliyotulia ni millivolti 70 hivi, nazo zinaonekana kidogo mpaka uzigawanye kwa unene wa utando. Hapo unapata uga wa umeme wa zaidi ya volti milioni 10 kwa mita. Hewa hupasuka na kutoa cheche kwenye uga wa volti milioni tatu hivi kwa mita. Molekuli yoyote iliyokaa ndani ya utando ipo kwenye mazingira ya ajabu, na uga huo ukibadilika, rangi au mng'ao wake unaweza kubadilika pia. Mwaka 1968 Lawrence Cohen, Richard Keynes na Bertil Hille waliripoti kwamba hata bila rangi yoyote, neva inapopitisha ishara huusambaza na kuupitisha mwanga kwa namna tofauti kidogo. Kuanzia hapo watafiti walijaribu mamia ya rangi wakitafuta zile zinazojibu vizuri zaidi.

Kikwazo chake ni uchache wa fotoni. Mwanga hufika kwenye kamera kwa chembe, na chembe hazifiki kwa mpangilio sawasawa: ukitarajia fotoni 10,000, idadi itayumba kwa 100 hivi, yaani asilimia 1, ukitarajia 100, itayumba kwa 10, yaani asilimia 10. Kihisi cha kalsiamu hujaa ndani ya seli nzima na kina muda wa kutosha kukusanya mwanga. Kihisi cha volteji lazima kikae ndani ya utando, ambao ni sehemu ndogo ya seli, na lazima kisomwe picha kama 1,000 kwa sekunde ili kisipitwe na ishara. Kila picha hupata fotoni chache. Ikiwa mabadiliko unayoyatafuta ni asilimia 5 na mwanga wenyewe unayumba kwa asilimia 10, hujapima kitu.

Kujitoa kwenye mtego huo kumechukua njia mbili. Ya kwanza ni kuazima sehemu ya protini inayohisi volteji na kuipandikiza protini inayong'aa ndani yake. ASAP1, iliyotangazwa mwaka 2014 na kundi la Michael Lin huko Stanford, imejengwa hivyo kwa kutumia kipande kutoka kwa kuku. Ya pili imetoka kwa kiumbe wa Bahari ya Chumvi, Halorubrum sodomense, ambaye ana protini ya kuvunia mwanga. Kundi la Adam Cohen huko Harvard liligundua kwamba protini hiyo hung'aa kulingana na volteji, kwa kasi kubwa ila kwa mwanga hafifu mno unaodai leza kali. Matoleo yaliyofuata, yaliyotangazwa mwaka 2014, yaliunganishwa na chaneli inayofunguliwa kwa mwanga wa buluu, hivyo seli ikaweza kuamshwa kwa rangi moja na kusomwa kwa nyingine bila waya hata mmoja.

Kutazama protini yenyewe ikisogea

Kati ya mbinu zote hizi ninayoipenda zaidi haijulikani sana nje ya maabara, labda kwa sababu haitoi video za kuvutia. Inahusu chaneli ya potasiamu iitwayo Shaker, iliyopata jina kutokana na nzi wa matunda wenye kasoro ya jeni ambao miguu yao hutetemeka wakipewa etha.

Swali lilikuwa hili: chaneli inajuaje kwamba volteji imebadilika? Sehemu moja ya protini, iitwayo S4, ina asidi amino zenye chaji chanya, moja kila baada ya mbili. Ilidhaniwa kwamba volteji ya utando inapogeuka, chaji hizo husukumwa na kulivuta lango lifunguke. Umeme ulikuwa umetoa dokezo: mwaka 1973 Clay Armstrong na Francisco Bezanilla walipima mkondo mdogo sana unaotokana na chaji hizo zikihama ndani ya protini. Lakini mkondo hausemi ni sehemu gani ya protini iliyohama.

Mwaka 1996 Lidia Mannuzzu, Mario Moronne na Ehud Isacoff walibadilisha asidi amino moja tu karibu na S4 ikawa sisteini, ambayo hunaswa kwa urahisi na rangi fulani nyekundu. Wakaiweka chaneli hiyo kwenye yai la chura, seli yenye kipenyo cha milimita moja hivi, kubwa ya kutosha kuchomekwa elektrodi na kumulikwa kwa wakati mmoja. Rangi ya aina hiyo hung'aa kwa kiwango kimoja ikiwa imezungukwa na maji na kwa kiwango kingine ikiwa imejificha ndani ya protini. Walipobadilisha volteji, mng'ao ulibadilika, nao uliandamana na kuhama kwa zile chaji za S4 badala ya kusubiri mkondo wa potasiamu. S4 ilisogea kwanza, lango likafuata.

Hapo elektrodi na mwanga vilikuwa juu ya yai lilelile, kimoja kikisema ioni zimepita na kingine kikisema sehemu gani ya mashine imejigeuza. Hakuna kati ya hivyo viwili ambacho kingelimaliza swali peke yake. Na kwa kuwa sisteini inaweza kuhamishiwa mahali pengine, asidi amino kwa asidi amino, watafiti waliweza kuuliza kila sehemu ya protini: wewe unasogea lini?

Kutoka kwenye hadubini hadi kwenye dawa

Maabara za dawa zina shida tofauti. Zina mamia ya maelfu ya kemikali na zinataka kujua ipi inafungua au kuziba chaneli fulani, kazi ambayo kipipa cha kioo kingeifanya kwa miaka mingi mno.

Kwa chaneli za potasiamu hutumika thaliamu. Ioni yake inakaribiana kwa ukubwa na ya potasiamu, kwa hiyo hupita kwenye tundu lilelile, lakini tofauti na potasiamu haimo ndani ya seli tangu mwanzo. Rangi inayong'aa kwa thaliamu huonyesha mara moja ni chaneli zipi zimefunguka. Hili lina uzito wa kitabibu, kwa sababu dawa ikiziba chaneli ya potasiamu ya moyo iitwayo hERG, mapigo yanaweza kuvurugika na kuua. Terfenadini, dawa ya mzio iliyotumiwa na watu wengi, iliondolewa sokoni nchini Marekani mwaka 1998 kwa sababu ya hatari hiyo.

Kwa kloridi kuna kisa kizuri zaidi. Katika ugonjwa wa sistiki fibrosisi, chaneli ya kloridi iitwayo CFTR ina kasoro, na ute wa mapafu huwa mzito na kunata. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989. Kwa wagonjwa wenye badiliko liitwalo G551D, chaneli hufika salama kwenye utando ila lango lake karibu halifunguki. Katika miaka ya 1990 Tsien na Jesús González walikuwa wametengeneza jozi ya rangi za kupimia volteji: moja imekaa upande wa nje wa utando, nyingine huhama kati ya pande mbili volteji inapogeuka, na nishati inayopita kati yao hutegemea umbali. Tsien alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Aurora Biosciences huko San Diego, iliyotumia vihisi vya namna hiyo kuchuja kemikali. Vertex iliinunua mwaka 2001, na utafutaji wa dawa ya CFTR ukaendelea. Ivakafto, iliyotokana na kazi hiyo, iliidhinishwa nchini Marekani Januari 2012 kwa wenye G551D. Inalisaidia lango lenyewe libaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Ilikuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo kugusa kasoro ya chaneli badala ya kutuliza dalili tu.

Kabla dawa kama hiyo haijaendelea mbele, lakini, kila kemikali iliyong'ara kwenye kipimo cha mwanga hurudishwa kwa elektrodi. Kemikali inaweza kung'aa yenyewe, au kuharibu rangi, au kubadilisha volteji kupitia chaneli nyingine kabisa.

Vihisi vyenyewe navyo si wageni watulivu ndani ya seli. Kila molekuli ya GCaMP hushika kalsiamu, kwa hiyo seli iliyojaa GCaMP ina kalsiamu huru kidogo na ya polepole kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya panya waliobadilishwa jeni ili watengeneze GCaMP walionyesha mawimbi ya ubongo yanayofanana na ya kifafa. Kihisi cha volteji nacho huongeza chaji zinazohama ndani ya utando, na leza kali huchakaza rangi na kutoa kemikali zinazoidhuru seli. Ndiyo sababu makala inayotangaza kihisi kipya huwa na mchoro mmoja ambao msomaji anapaswa kuutafuta kabla ya kutazama video: mistari miwili kutoka seli ileile, wa mwanga juu na wa elektrodi chini, imepangwa kwa wakati mmoja.